Kinyonga, kobe na chatu: yajue haya kabla hujakamata wala kufuga

Kila tukigusia habari za wanyama kwenye kipindi, meseji za aina moja hazikosekani. Kijana wa Mbagala anauliza kama anaweza kufuga chatu uani. Mama wa Bunju amekuta watoto wamemfunga kobe kamba, anauliza kama ni kosa. Msikilizaji wa Muheza anasema amepigiwa simu na mtu asiyemfahamu, anataka vinyonga wenye pembe na ameahidi kulipa kwa simu siku hiyohiyo.

Maswali haya yanaonekana tofauti, lakini yote yanaingia kwenye jambo moja: wanyama watambaao wa Tanzania wana soko kubwa duniani, na wanaoumia katika soko hilo mara nyingi ni wanyama wenyewe na yule mtu wa kijijini aliyewakamata. Leo tunaeleza soko hilo likoje, sheria inasema nini, na ufanye nini mnyama wa namna hii akikufikia mkononi au mlangoni.

Kwa nini watu wanawataka?

Kwetu sisi mjusi ni mjusi. Kinyonga ndiyo kabisa, wengi wanamwogopa, wengine wanasema kukutana naye njiani ni mkosi. Chatu akionekana mtaani, watu wanatoka na marungu.

Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wanaowapenda wanyama hawa kama wengine wanavyopenda njiwa au mbwa. Wanawaweka ndani ya masanduku ya vioo yenye taa, majani na vifaa vya kupima joto. Hawapigi kelele, hawahitaji uwanja, na rangi zao zinavutia. Katika mji wa Hamm, Ujerumani, kuna mnada wa wanyama watambaao unaofanyika mara kadhaa kwa mwaka na kuvuta watu kutoka nchi nyingi.

Katika soko hilo, mnyama anayepatikana sehemu moja tu duniani ana bei kubwa kuliko yule anayepatikana kila mahali. Na Tanzania ina wengi wa namna hiyo. Misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina vinyonga na mijusi ambao hawapo nchi nyingine yoyote. Mwaka 2009 wanasayansi walimtangaza kinyonga mpya kutoka msitu wa Magombera, Kilombero. Alipatikana kwa namna ya ajabu: nyoka aliyekuwa anamla alishtuka alipomwona mtafiti, akamwacha. Yaani bado tuna wanyama msituni ambao hawajaandikwa popote.

Mjusi wa buluu wa Kimboza

Mfano wa kwanza uko karibu na Dar es Salaam, mkoani Morogoro. Chini ya milima ya Uluguru kuna msitu mdogo wa Kimboza, wenye ukubwa wa takribani hekta 400. Humo na kwenye misitu michache ya jirani anaishi mjusi mdogo, hazidi urefu wa kidole. Dume lake ni la buluu ya kung'aa, jike ni la kijani kibichi au hudhurungi. Wataalamu wanamwita Lygodactylus williamsi.

Mjusi huyu anaishi kwenye miti ya jamii ya mkadi. Majani marefu ya mti huo hukusanya maji katikati, na hapo ndipo anapopata maji, wadudu wa kula na mahali pa kujificha. Wakamataji walipogundua hilo wakaona njia rahisi: kukata mti mzima, kisha kuokota mijusi. Kwa hiyo kila walipochukua mijusi wachache, waliharibu na nyumba ya mijusi ambao wangezaliwa baadaye.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000 kutoka Kimboza. Watafiti walikadiria kuwa hiyo ilikuwa karibu asilimia 15 ya mijusi wote wa aina hiyo waliokuwepo wakati huo. Mwaka huohuo wa 2012 mjusi huyu akaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unaojulikana kama CITES, zilikutana Johannesburg. Waliamua kumweka mjusi wa Kimboza kwenye Kiambatisho cha Kwanza. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya mijusi hao waliotoka porini haikubaliki. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017.

Vinyonga 74 ndani ya soksi

Mfano wa pili uliripotiwa dunia nzima Januari 2021. Maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walipekua mizigo ya abiria aliyekuwa ametokea Tanzania kupitia Ethiopia. Ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu walikuta vinyonga 74. Wengine walikuwa wakubwa, wengine wana wiki moja tu tangu kuzaliwa. Ilielezwa kwamba walitoka milima ya Usambara.

Vinyonga hao walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Watatu hawakupona. Maofisa walikadiria kuwa thamani ya wote katika soko la magendo ingefika takribani euro 37,000.

Fanya hesabu. Ukigawa kwa 74, kinyonga mmoja ni euro 500, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kitanzania. Sasa mfikirie kijana wa Lushoto au Muheza anayeambiwa apande milimani usiku na tochi, aokote vinyonga kwenye matawi. Yule anayempigia simu hatamwambia bei ya Vienna. Atamwambia bei ya kijijini. Na polisi wakitokea, anayekutwa na mfuko wenye vinyonga ni kijana, si mnunuzi.

Kobe bapa na kobe wa Changuu

Kobe nao hawakusalimika. Kwenye maeneo ya miamba ya Tanzania na Kenya, na sehemu ya Zambia, yuko kobe mwenye gamba laini lililokaa bapa kama chapati. Akiona hatari hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine. Anakimbia na kujipenyeza kwenye ufa wa jiwe. Umbo hilo la ajabu ndilo linalowavutia wafugaji wa ng'ambo.

Shida ni kwamba kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Ukichukua majike kumi kwenye mlima mmoja, mlima huo unaweza kukaa miaka mingi bila kurudia hali yake. Wakamataji wengine huvunja na kupasua miamba ili kuwatoa, na ufa ukishaharibiwa hakuna kobe mwingine atakayeishi hapo. Mwaka 2019 CITES ilimpandisha kobe bapa naye kwenye Kiambatisho cha Kwanza.

Kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe Zanzibar, kinatupa funzo lingine. Mwaka 1919 Zanzibar ililetewa zawadi ya kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli. Walizaana vizuri, na kufikia mwaka 1955 walikuwa karibu 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwala, wengine kwa kuwauza kama wanyama wa kufuga. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Ilibidi waletewe wadogo wa kuongeza idadi, na wajengewe uzio wa kuwalinda. Kobe walioongezeka kwa zaidi ya miaka 30 walikaribia kwisha mikononi mwa watu waliodhani mmoja akipungua hapatakuwa na tofauti.

Sheria inasemaje?

Hapa tuwe wazi, kwa sababu wengi wanaingia matatani kwa kutojua.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma, wakiwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mnyamapori si tembo na simba peke yao. Chatu, kenge, kobe na kinyonga wamo. Hata akiwa ameingia kwenye shamba lako au choo chako, hajawa wako.

Kumkamata mnyamapori akiwa hai kunahitaji kibali, kummiliki kunahitaji kibali, na kumsafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Kesi za kukutwa na nyara za Serikali huendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na mahakama zetu zimewahi kuwafunga watu miaka 20 jela kwa makosa hayo. Kusema “nilitumwa” hakuondoi kosa.

Kuhusu kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo, miezi michache baada ya tumbili 61 kukamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakitaka kupelekwa Ulaya. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilitangaza kwamba wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama tangu katazo hilo wangepewa miezi sita kuwasafirisha. Wananchi wakahoji, na ndani ya siku chache tu Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Balozi Pindi Chana, akasitisha mpango huo. Kwa hiyo mtu akikupigia akasema “sasa hivi imeruhusiwa, kamata tu,” usikubali kwa maneno. Mwambie aje na karatasi, kisha ipeleke karatasi hiyo kwa ofisa wanyamapori wa wilaya aihakiki.

Basi hakuna anayeruhusiwa kufuga?

Wapo. Sheria inatoa nafasi ya kuanzisha bustani ya wanyama, shamba la wanyamapori au kituo cha kuzalishia, kwa leseni na kwa masharti. Meserani, nje kidogo ya jiji la Arusha, kuna bustani ya nyoka ambayo watalii na wanafunzi huitembelea. Huko Muungoni, Unguja, kuna bustani ya ZALA yenye nyoka, vinyonga na kobe. Usukumani nako kuna mila ya zamani ya ngoma za nyoka, ambapo wachezaji hucheza na chatu mbele za watu.

Lakini Waswahili wana msemo: kwenye msafara wa mamba, kenge nao wamo. Katika biashara hii kumekuwa na mtindo wa kumchukua mnyama wa porini, kisha kumwandika kuwa amezalishwa bustanini ili apite. Ndiyo maana maofisa wanataka kuona mabanda, kumbukumbu za mayai na vyeti, badala ya kusikiliza maneno.

Uani kwako Mbagala mambo yanakuwaje?

Tuseme mtu amepata kibali. Bado kazi haijaanza.

Mnyama atambaaye hawezi kujitengenezea joto la mwili kama sisi. Anategemea joto la mahali alipo. Kinyonga wa Usambara amezoea ukungu na usiku wa baridi. Ukimleta Mbagala au Tandale mwezi wa Februari, ukamweka kwenye ndoo chini ya bati, unamuua taratibu. Kinyonga pia hanywi maji ya bakuli, hulamba matone kwenye majani. Anahitaji wadudu hai kila siku au karibu kila siku. Na hapendi kushikwashikwa. Akibadilika kuwa mweusi mkononi mwako, mara nyingi ni woga au hasira.

Kobe anayelishwa mkate na wali badala ya nyasi na majani hudhoofika, na gamba linaharibika. Kobe wengi wanaishi zaidi ya miaka 50, kwa hiyo unayemfungia leo anaweza kubaki kuwa mzigo wa wajukuu zako.

Chatu wa Afrika anaweza kupita mita nne, na wengine mita tano. Akiwa mdogo anakula panya. Akikua anataka kuku, kisha mbuzi. Nyumba za kupanga zenye vyumba sita na watoto wanaolala chini si mahali pa kumweka mnyama wa namna hiyo.

Lipo pia suala la afya. Wanyama watambaao wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa. Mtoto akimshika kobe kisha akala bila kunawa, anaweza kuharisha vibaya. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni. Yeyote anayemgusa kobe, kenge au mjusi anawe mikono kwa sabuni.

Wageni wakiachiwa

Kuna wanaoota kuagiza nyoka au mijusi wa kigeni kutoka nje. Hatari yake imeshaonekana kwingine. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa kuuzwa kwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walifika wamedhoofika, wakaachiwa bustanini ili wapate nguvu. Wakasambaa. Mpaka leo wako Hawaii, wanakula wadudu na konokono wa huko ambao hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo.

Kule Florida chatu kutoka Asia waliofugwa majumbani walitoroka au kuachiwa na wenyewe walipokuwa wakubwa. Sasa wamejaa kwenye mabwawa ya Everglades na wamemaliza wanyama wengi wadogo. Mwaka 2012 Marekani ilizuia kuingiza aina kadhaa za nyoka wakubwa, akiwemo chatu wetu wa Afrika.

Ukikutana naye ufanye nini?

Ukimkuta kinyonga kwenye uzio au mchicha, mwache. Hana sumu. Anakula nzi, panzi na viwavi, kwa hiyo anakusaidia shambani bila malipo. Yuko barabarani? Mchukue kwa kijiti, mvushe upande aliokuwa anaelekea.

Ukimkuta kobe shambani, usimfunge kamba wala kumtoboa gamba. Gamba lina mishipa, linauma. Mwache aende zake, au kama yuko hatarini, kwa mfano moto unawaka, mpeleke pembeni na umjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Ukimwona chatu, swila, koboko au kifutu karibu na nyumba, ondoa watoto, mtazame kwa mbali ajue wapi anaelekea yule atakayekuja kumtoa, kisha toa taarifa serikali ya mtaa, ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA. Watu wengi huumwa pale wanapojaribu kumuua au kumkamata.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, asitembee sana wala kukimbia. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Mpeleke hospitali haraka. Kama swila amemtemea machoni, osha macho kwa maji mengi safi papo hapo, kisha mpeleke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka kunaua kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na wengi ni watu wa vijijini.

Na ukipigiwa simu ya “nikamatie vinyonga, nakutumia hela,” usiingie. Hifadhi namba hiyo na ujumbe wake, kisha peleka taarifa polisi au kwa ofisa wanyamapori. Usimpe jina la mwenzako kijijini kama mkamataji. Utakuwa umemsukumia kesi.

Faida ikibaki msituni

Anayempenda kinyonga kweli ana njia nyingine. Katika hifadhi ya Amani, Usambara Mashariki, wageni hulipa kutembezwa usiku na mwongozaji na kuonyeshwa vinyonga wakiwa wamelala kwenye matawi. Mwongozaji ni mtu wa hapohapo. Kinyonga yuleyule anaweza kuonyeshwa leo, kesho na mwaka ujao. Aliyefungwa ndani ya soksi analipiwa mara moja tu, na pesa nyingi zinaishia nje ya nchi.

Kwa kijana wa Mbagala, jibu letu ni hili: piga picha, jifunze majina yao, nenda Meserani, Muungoni au Changuu ukipata nauli. Mama wa Bunju, watoto hawakujua. Wafundishe, kisha mfungueni kobe. Na wewe wa Muheza, huyo anayetaka vinyonga wenye pembe hajakupigia kwa sababu anakutakia mema. Akipiga tena, mwambie misitu ya Usambara ina mwenyewe, na mmojawapo ni wewe.